Mwana wa Adamu Mbele ya Visukuku: Imani ya Kikristo na Nadharia ya Mageuko

Kiswahili kimeufunga mjadala huu ndani ya neno moja kabla haujaanza. Jina linalotumika kumtaja kila mtu, mwanadamu au binadamu, maana yake ni mwana wa Adamu, kwa hiyo mwalimu anayeeleza asili ya binadamu darasani hutamka nasaba ya Maandiko Matakatifu katika sentensi ileile anayoitumia kueleza nasaba nyingine, ile ya mamilioni ya miaka inayosomwa katika mifupa iliyofukuliwa Oldupai, Laetoli na kando ya Ziwa Turkana. Mwanafunzi wa Kitanzania hukutana na zamadamu, yaani jamii za kale zilizowatangulia binadamu wa leo, katika somo la historia shuleni, kisha Jumapili hukutana na Adamu na Hawa kanisani, na ni nadra kumpata mwalimu au mchungaji anayemwonyesha mahali masimulizi hayo mawili yanapogusana. Wengi hukua wakiyahifadhi katika vyumba viwili visivyo na mlango kati yake, kimoja cha kufanyia mtihani na kingine cha kusalia. Hasara ya malezi hayo huonekana pale kijana anapofika chuo kikuu, akaona uzito wa ushahidi wa sayansi, akahitimisha kwamba kanisa lilimficha jambo.

Swali la kama imani ya Kikristo inaweza kupatana na nadharia ya mageuko limejibiwa kwa ndiyo na waumini waliobobea katika sayansi na katika teolojia tangu mwaka 1859, mwaka ambao kitabu cha Charles Darwin juu ya asili ya spishi kilichapishwa. Jibu hilo ni sahihi, lakini mara nyingi hutolewa kwa wepesi unaolidhoofisha, kwa sababu hutatua tatizo rahisi na kuliacha lililo gumu. Siku sita za kitabu cha Mwanzo, ambazo ndizo huzusha kelele nyingi zaidi, ni fundo lililoanza kufunguliwa kale na walimu wa kanisa wenyewe. Mafundo magumu ni mawili: Adamu mwenyewe, na mauti yaliyomtangulia.

Nadharia ya mageuko inasema mambo mawili yanayofaa kutenganishwa. La kwanza ni kwamba viumbe vyote hai vina asili moja, kwa maana kwamba spishi, yaani aina za viumbe wanaoweza kuzaliana wao kwa wao, zimechipuka kutoka katika spishi zilizotangulia kama matawi yachipukavyo kwenye shina. La pili ni namna jambo hilo lilivyotokea: watoto hutofautiana kidogo na wazazi wao kwa sababu ya mabadiliko katika jeni, ambazo ni vipande vya maelekezo ya urithi vilivyomo ndani ya seli, na wale ambao tofauti zao zinawafaa katika mazingira yao huacha uzao mwingi zaidi, hata tofauti hizo zikaenea katika jamii nzima baada ya vizazi vingi. Utaratibu huu ndio uitwao uteuzi asilia, na Darwin aliutangaza kwa mara ya kwanza pamoja na Alfred Russel Wallace mwaka 1858.

Neno nadharia limeleta taabu yake lenyewe, kwa kuwa katika shule za Afrika Mashariki nadharia huwekwa mkabala na vitendo, na msikilizaji huelewa kwamba ni jambo la maneno ambalo bado halijashikika. Wanasayansi huita dhana inayosubiri kupimwa nadharia tete; nadharia yenyewe ni maelezo mapana yaliyokwisha kupimwa mara nyingi na kustahimili. Ushahidi wa mageuko unatoka pande zisizotegemeana. Visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, hukutwa katika matabaka ya miamba kwa mfuatano uleule dunia nzima. Katika Ziwa Victoria wamo mamia ya spishi za samaki wadogo ambao wavuvi huwaita furu, wasiopatikana kwingine kokote, ingawa tope la kina cha ziwa hilo linaonyesha kwamba lilikauka yapata miaka 15,000 tu iliyopita. Binadamu ana kromosomu 46 ilhali sokwe ana 48, na zilikokwenda mbili zilizopungua kunajulikana: kromosomu ya pili ya binadamu ina, katikati yake, alama ambazo kwa kawaida hukaa kwenye ncha, kama vile kamba mbili zilizounganishwa zinavyobaki na fundo mahali zilipokutana.

Hakuna mwanasayansi anayedai kwamba binadamu ametokana na nyani wanaoonekana leo. Dai ni kwamba binadamu na sokwe ni wa ukoo mmoja, na babu yao wa pamoja aliishi zaidi ya miaka milioni 5 iliyopita. Hata Zinjanthropus, fuvu ambalo Mary Leakey alilipata Oldupai tarehe 17 Julai 1959 na ambalo jina lake limetoka katika Zinj, jina la kale la pwani hii lililomo pia ndani ya jina Zanzibar, si babu wa mtu yeyote aliye hai. Ni tawi la pembeni lililokauka. Mume wa Mary, Louis Leakey, alizaliwa mwaka 1903 Kabete, karibu na Nairobi, katika nyumba ya wamisionari wa Kianglikana, na Richard Dawkins, mwandishi anayejulikana kuliko wote kwa kuigeuza nadharia hii silaha dhidi ya dini, alizaliwa Nairobi mwaka 1941. Mjadala unaodhaniwa kuwa wa mbali una mizizi katika udongo wa hapa.

Historia ya mapokezi ya nadharia hii husimuliwa kama vita, na kisa kinachorudiwa ni kile cha Oxford mwaka 1860, Askofu Samuel Wilberforce alipopambana kwa hoja na Thomas Huxley, mtetezi wa Darwin. Kisa hicho kimewafunika watu wa muhimu zaidi. Aliyekitetea kitabu cha Darwin nchini Marekani alikuwa Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Harvard na Mpresibiteri mchaji. Kasisi Charles Kingsley wa Uingereza, aliyepelekewa nakala mapema, alimwandikia Darwin kwamba Mungu aliyeviumba viumbe vyenye uwezo wa kujiendeleza ni mkuu si chini ya Mungu wa kuingilia kati kila mara. Benjamin Warfield wa Princeton, aliyeitetea kwa nguvu imani kwamba Biblia haina kosa lolote, hakuona kwamba mageuko lazima yaipinge. Misingi ya elimu ya urithi, ambayo bila hiyo nadharia ya Darwin ingebaki na pengo kubwa, iliwekwa na mtawa wa Kiaugustino, Gregor Mendel, kwa kupanda njegere katika bustani ya monasteri mjini Brno. Darwin mwenyewe, aliyeipoteza imani yake hatua kwa hatua, aliandika mwaka 1879 kwamba mtu anaweza kumwamini Mungu kwa dhati na bado akayakubali mageuko, na alipofariki mwaka 1882 alizikwa ndani ya Westminster Abbey.

Kanisa Katoliki lilikwenda taratibu. Waraka wa Papa Pius XII wa mwaka 1950, Humani Generis, uliruhusu uchunguzi juu ya mwili wa binadamu kuwa umetokana na viumbe vilivyotangulia, ukisisitiza kwamba roho ya kila mtu huumbwa na Mungu moja kwa moja; mwaka 1996 Papa John Paul II aliieleza nadharia hiyo kuwa ni zaidi ya nadharia tete; na mwaka 2014 Papa Francis alisema kwamba mageuko hayapingani na uumbaji, kwa kuwa ili viumbe vigeuke sharti kwanza viwepo.

Upinzani mkali unaosikika leo katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki ulikuja kwa njia nyingine, na umri wake ni mdogo kuliko wengi wanavyodhani. William Jennings Bryan, aliyekuwa upande wa mashtaka dhidi ya John Scopes, mwalimu aliyeshtakiwa huko Dayton, Tennessee, mwaka 1925 kwa kufundisha mageuko, alizielewa siku za Mwanzo kuwa vipindi virefu. Fundisho kwamba dunia nzima ina miaka elfu chache, na kwamba visukuku vyote viliwekwa na gharika ya Nuhu, lilipewa sura yake ya kisasa na George McCready Price, Mwadventista aliyechapisha kitabu chake kikuu mwaka 1923, kisha likaenezwa nje ya Uadventista na John Whitcomb na Henry Morris katika kitabu cha mwaka 1961, miaka miwili baada ya fuvu la Zinjanthropus kupatikana. Waadventista Wasabato wa Upare au Kisii wanaolishika fundisho hilo wana sababu ya ndani inayostahili heshima, kwani kwao utakatifu wa siku ya saba umeshikamana na juma la uumbaji. Waumini wa makanisa mengine ambayo hayana sababu hiyo wamelipokea kupitia vitabu, redio na mikutano ya injili, wakiamini kwamba wamepokea imani ya mitume bila nyongeza.

Hata hivyo, kuueleza upinzani huo wote kama ujinga ni kutowatendea haki waumini wa Kiafrika. Mwezi Septemba mwaka 1906, kijana aliyeitwa Ota Benga, aliyetolewa Kongo na kupelekwa Marekani, aliwekwa katika nyumba ya manyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, pamoja na orangutani, watu wakaja kwa maelfu kumtazama. Waliosimama kumtetea hadi akatolewa walikuwa wachungaji weusi wa Kibaptisti wakiongozwa na James Gordon, nao walilalamikia pia kwamba maonyesho hayo yalikusudiwa kuthibitisha mafundisho ya Darwin, wakasema kwamba watu wao wanastahili kuhesabiwa kuwa binadamu wenye roho. Ota Benga alijiua mwaka 1916. Kitabu cha kiada kilichohusika katika kesi ya Scopes, ambacho wengi hukikumbuka kama ishara ya elimu iliyokandamizwa, kiliwagawa watu katika mbari tano na kuitaja ile ya weupe kuwa ya juu kabisa. Mkristo mweusi aliyeikataa nadharia iliyofika mikononi mwake ikiwa imevikwa mavazi hayo alikuwa anaukataa uongo halisi, na sayansi ilichelewa kumpa haki yake.

Imempa sasa. Binadamu wote walio hai ni spishi moja iliyoanzia Afrika, visukuku vyake vya kale zaidi vikikaribia umri wa miaka 300,000, na tofauti za kijeni ndani ya bara la Afrika peke yake ni nyingi kuliko zile za sehemu yote iliyobaki ya dunia, kwa kuwa waliotoka kwenda kuzijaza nchi nyingine walikuwa kundi dogo. Hotuba ya Paulo kule Athene, iliyohifadhiwa katika sura ya 17 ya Matendo ya Mitume, ilifundisha kwamba mataifa yote yametokana na asili moja. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba Wakristo wengi wanaogopa mifupa ileile inayowaunga mkono. Mwaka 2006 viongozi wa makanisa ya kiinjili nchini Kenya walipoitaka Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi isiyape mabaki ya zamadamu nafasi ya mbele, waliokuwa wanafichwa kwa ombi hilo walikuwa mashahidi wa umoja wa binadamu.

Kuhusu siku sita, maneno machache yanatosha. Origene wa Aleksandria, katika karne ya tatu, aliuliza ni mtu gani mwenye akili atakayedhani kwamba ilikuwako siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, zenye jioni na asubuhi, kabla ya jua na mwezi kuwako. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alifikiri kwamba Mungu aliumba vyote kwa mara moja na kwamba siku hizo ni mpangilio wa maarifa. Alifundisha pia kwamba Mungu aliweka katika ulimwengu mbegu za mambo ambayo yangejitokeza wakati wake ukifika, na aliwaonya Wakristo wasijitie aibu mbele ya wasioamini kwa kusema mambo ya nyota na wanyama wasiyoyajua kisha wakadai yametoka katika Maandiko. Haifai kumgeuza Augustino kuwa mfuasi wa Darwin miaka 1,400 kabla ya wakati, kwani alishika kwamba ulimwengu una umri mdogo na kwamba Adamu alikuwa mtu halisi. Lakini Waafrika hawa wawili wanatosha kuonyesha kwamba kusoma sura ya kwanza ya Mwanzo kama tangazo la nani aliumba na kwa nini, badala ya ratiba ya kazi, si mbinu iliyobuniwa kwa kuogopa wanajiolojia.

Jambo linalofuata ni namna Mungu anavyotenda. Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alitofautisha sababu ya kwanza, ambayo ni Mungu anayevipa vitu vyote kuwapo na uwezo wa kutenda, na sababu za pili, ambazo ni vitu vyenyewe vikitenda kwa uwezo huo. Tofauti hiyo inasikika kuwa ya kitaaluma sana, lakini kila familia inayopata mtoto huitumia bila kujua, kwani husema kwamba Mungu amewajalia mtoto huku ikijua vizuri jinsi mimba inavyotungwa na kukua, wala hakuna mama aliyewahi kuona kwamba maelezo ya mkunga yanampunguzia Mungu sifa. Kama utungaji wa mtu mmoja tumboni kwa miezi tisa hauifuti kazi ya Muumba, ni vigumu kuona kwa nini utungaji wa spishi nzima kwa miaka milioni kadhaa uifute.

Wale wanaomtafuta Mungu katika sehemu ambazo sayansi haijazieleza wanashika njia ya hatari. Kundi lililojitokeza Marekani katika miaka ya 1990, likidai kwamba baadhi ya viungo vya seli ni tata kiasi cha kuhitaji mbuni aliyeviunda moja kwa moja, lilishindwa mahakamani katika kesi iliyotoka Dover, Pennsylvania, mwaka 2005, mbele ya jaji aliyekuwa mwenyewe Mkristo, lakini udhaifu wake mkubwa zaidi ni wa kiteolojia. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri aliyeuawa na Wanazi, aliandika kutoka gerezani mwaka 1944 kwamba Mungu anayewekwa katika mapengo ya elimu husukumwa nyuma kila elimu inapoongezeka. Mungu wa namna hiyo ni mpangaji anayehamishwa chumba kila mwezi, na mwishowe hutolewa nje ya nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Pingamizi lenye uzito zaidi linahusu nasibu. Mabadiliko ya jeni hutokea bila kulenga mahitaji ya kiumbe, na katika lugha ambamo nasibu hukumbusha tiketi za bahati nasibu, muumini husikia kwamba maisha yake ni matokeo ya mchezo. Maana ya kisayansi ni finyu kuliko hiyo: inasema tu kwamba mabadiliko hayatabiriki na hayaji kwa kuitikia haja ya kiumbe, wala haisemi lolote juu ya kuwapo au kutokuwapo kwa kusudi. Maandiko yenyewe hayaitengi nasibu na mapenzi ya Mungu, kwani kitabu cha Mithali hufundisha kwamba hata kura huamuliwa na Bwana, na mitume walimpata Mathiya, mrithi wa Yuda, kwa kupiga kura. Uteuzi unaofuata baada ya mabadiliko hayo nao hauna kubahatisha: jicho limejitokeza mara nyingi katika koo za viumbe zisizohusiana kwa karibu, kana kwamba ulimwengu ulikuwa na njia zilizochongwa tayari zikisubiri wapitaji.

Swali la Adamu halina majibu mepesi kama hayo. Paulo, katika sura ya tano ya Waraka kwa Warumi, anamweka Adamu mkabala na Kristo, akisema kwamba dhambi na mauti viliingia kupitia mtu mmoja kama neema ilivyokuja kupitia mtu mmoja, na juu ya msingi huo kanisa la Magharibi lilijenga fundisho la dhambi ya asili, yaani hali ya kuanguka ambayo kila mtu huzaliwa nayo. Elimu ya jeni, kwa upande wake, inaonyesha kwamba wazazi wa binadamu wa leo hawakuwahi kushuka hadi kuwa watu wawili katika laki kadhaa za miaka iliyopita, na kwamba kwa sehemu kubwa ya muda huo walikuwa jamii ya watu elfu kadhaa. Pius XII alikwisha kuliona tatizo hilo, akaandika kwamba haionekani jinsi wazo la wazazi wa kwanza wengi linavyoweza kupatana na fundisho la dhambi ya asili. Maneno yake yalikuwa ya tahadhari, na wanateolojia wengi wa Kikatoliki wameyachukua kama mlango uliofungwa kwa komeo, si kwa ukuta.

Majibu yaliyotolewa yanatofautiana kwa nguvu. Wapo wanaomwona Adamu kuwa kielelezo cha kila mtu, wakikumbusha kwamba jina lake katika Kiebrania ni neno la kawaida la mwanadamu, lenye uhusiano na adama, yaani udongo, na kwamba mke wake anaitwa Uhai. Wapo wanaoshika kwamba Mungu aliwachagua watu wawili halisi kutoka katika jamii kubwa na kuwafanya wakuu na wawakilishi wa wote, wazo lililopendekezwa na Derek Kidner mwaka 1967 na kuungwa mkono na John Stott. Joshua Swamidass, mtaalamu wa baiolojia, alionyesha katika kitabu cha mwaka 2019 kwamba mume na mke walioishi maelfu machache ya miaka iliyopita miongoni mwa watu wengine wanaweza kuwa wazazi wa kila mtu aliye hai kwa njia ya nasaba, hata kama hawakuacha jeni yoyote inayoweza kutambuliwa. Hesabu hiyo huwashangaza wasomaji wa Magharibi kuliko inavyoweza kumshangaza Mswahili, ambaye anajua kwamba mtu ni wa ukoo kwa kuwa ametoka katika mlango wa babu fulani, na hakuna mzee anayedai vipimo vya vinasaba kabla ya kumhesabu mjukuu. Wazo la mkuu anayewakilisha nalo si geni mahali ambapo mzee wa ukoo huomba radhi au hufunga agano kwa niaba ya walio hai na wale ambao hawajazaliwa, na wote wakajiona wamefungwa nalo.

Lakini pendekezo la Swamidass, na lolote linalofanana nalo, linawaacha watu nje ya bustani, na hapa kumbukumbu ya Ota Benga inapaswa kuwa kali. Ikiwa walikuwako watu wenye miili, lugha na watoto kama wengine, ambao hawakuwa wa ukoo wa Adamu, je, walikuwa na sura ya Mungu? Swamidass mwenyewe anasisitiza kwamba utu na hadhi yao vikubaliwe, na ni lazima iwe hivyo bila masharti, kwa sababu teolojia inayokubali kuwapo kwa watu kamili wasio watu imekwisha kujaribiwa, na matunda yake yanajulikana kuanzia soko la watumwa la Zanzibar hadi kizimba cha Bronx.

Kwa hoja ya dhambi yenyewe, njia yenye afya zaidi inaonekana kuwa ya kurudi nyuma ya Augustino. Tafsiri ya Kilatini aliyoisoma ilimfanya aelewe kwamba wote walitenda dhambi ndani ya Adamu. Kigiriki cha Paulo husomwa na wataalamu wengi kuwa mauti yaliwafikia wote kwa sababu wote wametenda dhambi, na Biblia ya Kiswahili inafuata maana hiyo. Irenayo wa Lyon, katika karne ya pili, aliwaelezea Adamu na Hawa kuwa kama watoto, walioumbwa wapate kukua kuelekea ukamilifu na waliopotea njia mapema. Picha hiyo inakaa vizuri na historia ya kiumbe aliyetoka polepole katika unyama akiwa na uwezo mpya wa kujua wema, na ambaye, alipoujua, akauacha. Msalaba hauhitaji bustani yenye anwani. Unahitaji wenye dhambi, na hao wanapatikana kila kizazi.

Kilichobaki ndicho kizito kuliko vyote. Katika vilima vya Tendaguru, mkoani Lindi, wafanyakazi wa Kiafrika walichimba kati ya mwaka 1909 na 1913, chini ya wanajiolojia wa Kijerumani, mifupa ya mijusi mikubwa iliyokufa yapata miaka milioni 150 iliyopita, ambayo leo imesimamishwa katika makumbusho mjini Berlin. Mauti yalikuwa yanafanya kazi Lindi muda mrefu kabla ya kuwapo mtu wa kutenda dhambi. Kwa wanyama, mapokeo yana jibu: Thoma wa Akwino alikataa wazo kwamba simba alikula majani kabla ya anguko, na Zaburi ya 104 inawaonyesha wanasimba wakinguruma usiku wakimwomba Mungu chakula chao, bila neno la kulaumu. Mauti ambayo Paulo anayaita adui ni yale ya mtu aliyetengwa na Mungu wake. Jibu hilo linatosha kwa mjusi wa Tendaguru, lakini halitoshi kwa mtoto.

Ugonjwa wa selimundu unaliweka swali hilo wazi kuliko mfano wowote wa vitabuni. Herufi moja tu ikibadilika katika jeni inayotengeneza hemoglobini, kitu kinachobeba oksijeni katika damu, chembe nyekundu huweza kujikunja kama mundu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aligundua kwamba mabadiliko hayo yalikuwa mengi katika pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria, na machache katika nyanda za juu zisizo na mbu, na mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mwenye nakala moja ya jeni hiyo hukingwa dhidi ya malaria kali. Mwenye nakala mbili huugua: mifupa huuma, viungo huharibika, na bila matibabu wengi hufa wakiwa wadogo. Wazazi wawili wenye nakala moja kila mmoja wana uwezekano wa robo, katika kila mimba, kumpata mtoto mgonjwa. Uteuzi asilia uliwalinda walio wengi kwa gharama ya wachache, na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi huzaliwa wakiwa wamebeba gharama hiyo.

John Polkinghorne, mwanafizikia aliyekuwa kasisi wa Kianglikana, alipendekeza kwamba Mungu aliupa ulimwengu uhuru wa kujiumba, na kwamba uhuru uleule wa seli kubadilika unaoleta viumbe vipya ndio unaoleta saratani, wala mtu hawezi kupata kimoja bila kingine. Hoja hiyo ni nzuri kwa kadiri inavyofika, na inaeleza kwa nini ulimwengu una sura hii, lakini haiwezi kutamkwa kando ya kitanda cha hospitali bila aibu. Ukristo una neno jingine, ambalo si maelezo: kwamba Mungu mwenyewe alitwaa mwili uliotoka katika mkondo huohuo wa damu na mauti, akaumia ndani yake, na kwamba uumbaji wote, kama Paulo anavyoandika katika sura ya nane ya Warumi, unaugua kama mwenye utungu wa kuzaa. Utungu wa kuzaa ni maumivu yenye mwelekeo. Mwenye imani huushika mwelekeo huo kwa tumaini, kwa kuwa maabara haina kipimo chake.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo maabara inaweza kulipatia kanisa mara moja. Mzazi wa mtoto mwenye selimundu huambiwa mara nyingi, na majirani na wakati mwingine hata na wahubiri, kwamba kuna laana katika ukoo, dhambi isiyotubiwa au mkono wa mchawi. Yesu aliulizwa swali la namna hiyo mbele ya kipofu, katika sura ya tisa ya Injili ya Yohane, kama ni yeye aliyetenda dhambi au wazazi wake, akajibu kwamba si yeye wala si wao. Nadharia ya mageuko inamwezesha mchungaji kulirudia jibu hilo kwa undani: jeni ambayo mama na baba wamempa mtoto haikutoka kwa mchawi, wameirithi kwa mababu ambao baadhi yao waliponea malaria kwa sababu yake, na pengine ndiyo iliyomvusha mama huyo homa ya utotoni, hata akaishi akawa mzazi.